Kibao cha Shingoni

Waliosema maneno matamu humtoa nyoka pangoni walimsema mke wangu, ila hawakujua atazaliwa lini. Yeye ni afisa elimu wa makumbusho. Kazi yake ni kuzunguka mashuleni na kuwashawishi walimu wawalete wanafunzi waone vitu vya kale. Huingia ofisi ya walimu wakati wa mapumziko, wenyewe wamechoka, madaftari yasiyosahihishwa yamewafika kidevuni, salamu wanaitikia kwa nusu mdomo. Kabla kengele haijalia wanacheka naye na kumuuliza basi moja linabeba watoto wangapi. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi barazani kwangu, na ushahidi wa ulimi wake ninao mwenyewe: alikuja kupimwa gauni, akaondoka na fundi.

Lakini hata nyoka wana ukaidi wao. Kwa muda mrefu walimu walicheka naye, wakamsindikiza mpaka getini, na hawakuja. Makumbusho ina vyungu, mawe ya kusagia, mikuki, picha za watu wasiotabasamu. "Mtihani hauulizi vyungu, mama," mwalimu mmoja alimwambia, na hilo likawa jibu la wote. Mkurugenzi wake akaanza kusema chumba cha elimu kingefaa kuwa stoo. Siku alipoyasikia hayo mke wangu alirudi nyumbani akavua viatu, akakaa kwenye kiti changu cha kazi bila kuniomba.

"Baba Redio," akasema, "wakikifunga kile chumba nitakuja hapa nikutungie uzi kwenye sindano."

"Karibu," nikamwambia. "Ila humu mteja hadanganywi, anapimwa."

Redio ni binti yetu mkubwa. Ana jina lake zuri kwenye cheti, lakini hakuna anayemwita hivyo bila kucheka, maana tangu alipojifunza kufungua mdomo hakupata kuufunga. Atakusimulia alichokiona na asichokiona, na chumvi ataitia ya kutosha. Kila jioni, nikiwa nakusanya vipande vya vitambaa, alimkalisha mdogo wake, Kidonge, juu ya furushi na kumpa hadithi kwa lugha yetu ya nyumbani, kila mnyama na sauti yake. Fisi wake alikuwa na mafua na kiburi. Kidonge alicheka mpaka akajinyea mara moja, na hilo tulikubaliana lisitoke nje ya nyumba. Mimi nilijifanya nafagia, kumbe nasikiliza. Watu wana mashamba, wana nyumba za kupangisha. Mimi nilikuwa na sauti ile. Nalisema mapema ili ijulikane kilichokuwa hatarini.

Wazo la Darasa la Zamani lilimjia mke wangu mbele ya kabati la vioo. Humo kulikuwa na kibao kimoja, kipande cha ubao kipana kama kiganja, kimetobolewa tundu juu na kupitishwa kamba. Katika shule za zamani mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa kitu hicho shingoni. Njia ya kukivua ilikuwa moja tu: amsikie mwenzake naye akikosea, amvishe. Aliyekutwa nacho kengele ya mwisho ikilia alichapwa mbele ya shule nzima. Kile cha makumbusho kilikuwa kimelainika pembeni, na kamba yake imekuwa nyeusi kwa jasho la shingo ambazo hakuna anayezijua tena.

Mpango wake ulikuwa mzuri, sitamnyima haki yake. Watoto wangevaa sare za kale juu ya sare zao, wangekaa kwenye mabenchi ya kale, wangefundishwa na mwalimu wa kale. Kibao cha kuiga kingepita shingo hadi shingo kwa muda wa kipindi kimoja. Halafu sare zinavuliwa, watoto wanakaa mduara juu ya zulia, wanaulizwa: mlijisikiaje? Kwa nini walifanya hivi? Tulipoteza nini?

"Mduara ndio somo," alinieleza akiwa amekaa kitandani na karatasi zake. "Mchezo ni mlango tu. Watoke pale wanakichukia kile kibao mpaka kufa."

Nikashona sare arobaini za pamba isiyotiwa rangi. Mwalimu wa kale akapatikana, mzee mmoja mstaafu mpole hata kuku wa jirani hawamwogopi; sisi tulimwita Mstaafu. Mke wangu akatoka tena kuzunguka mashuleni, na safari hii alipotaja kibao, walimu waliweka vikombe chini.

Mara ya kwanza kuliona darasa lile nilikwenda kwa ajili ya mishono. Sare tatu zilikuwa zimefumuka makwapani, nikakaa nyuma na pini mdomoni. Watoto waliingia wakisukumana na kuchekana kwa mavazi. Mstaafu akaingia, akagonga meza kwa rula, akawaeleza sheria. Wa kwanza kuvishwa alicheka. Wa pili akacheka kidogo. Kufikia wa tano hapakuwa na wa kucheka, na hapo nikaona jambo ambalo sikulipenda: aliyevaa kibao hakumtazama mwalimu. Alitazama midomo ya wenzake. Msichana mmoja mwenye uso wa upole kabisa alishusha kisigino chake juu ya kidole cha jirani yake, akakikandamiza taratibu, mpaka yule mwenziwe akamlilia mama yake kwa lugha ya kwao. Hapo hapo kibao kikahama.

Walimu wao walikuwa wameegemea ukuta. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Sikia."

"Sisikii kitu."

"Ndicho ninachokwambia usikie."

Wakatazama darasa lile lililotulia, watoto arobaini kasoro, hata benchi halikulia, na nyuso za walimu wale zilikuwa za watu wenye kiu waliooneshwa maji. Nilitaka kumwambia mtu, lakini mdomo ulikuwa umejaa pini.

Mduara haukufika popote. Watoto walikuwa ndiyo kwanza wameketi, mke wangu anauliza "mlijisikiaje", honi ya basi ikapigwa nje. Dereva alikuwa na safari nyingine. Walimu wakawasimamisha watoto, wakamshika mke wangu mikono kwa zamu, wakamwambia hawajapata kuona somo la namna ile. Jioni nilimwambia nilichokiona. Nilimwambia mlango umefunguliwa lakini hakuna aliyeingia ndani.

"Fundi," akasema, "wewe tazama mishono, watoto niachie mimi. Ziara ya kwanza haikosi kasoro."

Ya pili honi ilipigwa mapema zaidi. Ya tatu mwalimu alisema watoto wana njaa. Mke wangu si mjinga, aliliona tatizo, na akalitatua kama wanavyotatua watu wa makumbusho: alitengeneza Sanduku la Mwalimu. Kila shule iliyokuja iliondoka na sanduku lenye picha, kalamu ya kuchovya wino, karatasi ya maswali ya mduara, na kibao kimoja cha kuiga chenye muhuri wa makumbusho nyuma, ili ambao hawakupata nafasi ya kuzungumza wakazungumze darasani kwao. Mkurugenzi aliipenda fikra hiyo. Seremala wa makumbusho akapewa mbao.

Basi shule zikaanza kumiminika. Zile zilizokuwa zikimkwepa sasa zilimtafuta. Aliitwa kwenye semina za walimu wakuu, akapewa kipaza sauti. Chumba cha elimu hakikutajwa tena kuwa stoo; kilipakwa rangi. Nami nilifurahi kwa ajili yake, nani asiyefurahi mkewe akipendeza mbele za watu? Lakini simu ziliniharibia furaha. Alizoea kuziweka sauti ya wazi akiwa anamenya kitu jikoni, nami nikizisikia kutoka barazani.

"Mama wa makumbusho, kibao chetu kimepasuka. Tunaomba kingine."

"Poleni, mwalimu. Na mduara ulikwendaje?"

"Mduara upi?"

Mwingine aliomba viwili. Mwingine akaomba kimoja kwa kila darasa, na akauliza kama kamba inaweza kuwa ngumu zaidi, hizi zinakatika. Hakuna aliyeuliza habari za kalamu ya wino. Nilimtazama mke wangu; alikuwa ameacha kumenya, kisu kimesimama hewani. Kisha akaendelea.

Aliyeshtuka kwanza hadharani alikuwa Mstaafu. Alikuja nyumbani mwenyewe, kofia mkononi, akakataa kukaa.

"Mama, mimi nimechoka kuogopwa," akasema. "Jana nimekutana na watoto sokoni, wale waliokuja mwezi uliopita. Mmoja alikuwa anaongea na bibi yake. Aliponiona akanyamaza, akamziba bibi mdomo kwa mkono. Bibi yake, mama. Mtu mzima."

Mke wangu alimbembeleza kwa ule ulimi wake wa kutoa nyoka, na kwa mara ya kwanza niliuona unashindwa. Mstaafu aliiacha rula juu ya mashine yangu akaenda zake. Mahali pake palichukuliwa na mwalimu kijana aliyejitolea mwenyewe, bila hata kuombwa.

Shule ya binti zetu ilikuja muhula huo huo. Kidonge alikuwa ameanza darasa la kwanza, na mke wangu aliwatembeza wote wawili kwa fahari, akawavisha sare nilizoshona mimi. Waliporudi Redio alisimulia siku nzima, Kidonge akimkumbusha alipopasahau. Nikajiambia labda mimi ni mwoga tu, fundi anayeona mshono uliofumuka kila mahali.

Baada ya hapo Redio alianza kunijibu kwa lugha ya shule. "Nimeshiba, baba, asante." Sentensi nzima nzima, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Nilimtania, nikamwita mheshimiwa, nikamuuliza kama atakuja na mkalimani. Hakucheka. Hadithi za jioni zikawa fupi, kisha zikawa hadithi za kitabuni ambazo Kidonge hakuzielewa, kisha hazikuwepo. Fisi akafa kimya kimya. Nikiwasemesha kwa lugha yetu alitazama kwanza dirishani, aone kama kuna mtoto wa jirani. Kidonge alipojisahau akaanza kuropoka, dada yake alimwekea kiganja mdomoni, kwa upole, kama anamfuta makombo. Nyumba ikawa na ukimya wa nyumba yenye mgonjwa. Niliogopa, na nilimwambia mke wangu kwamba naogopa.

"Anakua," akasema. "Watoto wa kike wakifika umri huo hutulia." Lakini alilisema bila kunitazama.

Siku ya kupima sare mpya nilimsimamisha Redio mbele yangu. Nilipompitishia futi shingoni akajikunja. Nikaushusha ukosi. Nyuma, pale nywele zinapoishia, palikuwa na mstari mwembamba uliochubuka, juu yake mwingine mpya. Kamba ngumu, kama walivyoomba. Futi ikanianguka. Nilimwita mama yake kwa sauti ambayo siku hizi natamani nisingeijua kama ninayo.

Mke wangu aliutazama ule mstari, akaugusa kwa kidole. Hakusema "anakua". Alikaa chini sakafuni, pale pale kwenye vipande vya vitambaa, akaanza kulia, na Redio akasimama juu yake bila kusema neno la lugha yoyote.

Siku ya pili tulikwenda shuleni wote wawili. Mwalimu wa taaluma alitupokea kwa bashasha, akatuvutia viti, akawaambia wenzake: "Ndiye huyu, mama wa makumbusho." Sanduku letu lilikuwa juu ya kabati, mfuniko umejaa vumbi. Kibao hakikuwemo. Kilikuwa kwenye msumari kando ya kengele, mahali pa kitu kinachotumika.

"Mwalimu," mke wangu akaanza, "kile kilikuwa cha somo moja. Mcheze mara moja, halafu mzungumze. Karatasi ya maswali ilikuwa ndani."

"Na tumeshukuru sana." Mwalimu alikuwa mtu wa kutabasamu, hilo ndilo lililoniudhi. "Mama, mimi nina miaka mingi kwenye kazi hii. Nimejaribu viboko, nimejaribu zawadi, nimejaribu kuita wazazi. Hakuna kilichowatuliza kama hiki. Na sisi hatuwagusi. Wanaangaliana wenyewe. Samaki mkunje angali mbichi, au siyo, baba?"

"Mwanangu si samaki," nikasema.

"Binti yenu amebadilika sana. Zamani alikuwa mdomo mtupu, hakuna asiyejua. Sasa hata ukidondosha chaki unaisikia." Akainama mbele, akapunguza sauti, kama anayetuletea habari njema. "Na kuna jambo moja limetushangaza. Sisi tuliweka sheria ya shuleni tu. Watoto wenyewe wameongeza nyumbani. Hatukuwaambia. Wamejiongeza."

Mke wangu alisimama. Hakubembeleza. Alikwenda kwenye ukuta, akakitoa kibao msumarini, akakitia mkobani mwake na kuufunga zipu. Mwalimu akasema kwamba kile ni mali ya shule sasa. Mke wangu akaufungua mkoba tena, akamgeuzia muhuri wa makumbusho uliokuwa nyuma ya kibao, akamuuliza kama amsomee. Nilimpenda mke wangu siku ile kuliko siku aliyokuja kupimwa gauni.

Kutoka hapo alipitiliza kazini, na nilimngojea nje ya mlango wa mkurugenzi. Sauti yake niliisikia, ya mkurugenzi sikuisikia, maana yeye hakuwa na haja ya kuipandisha. Alitaka masanduku yote yarudishwe. Akaambiwa atulie, kama alivyonieleza baadaye. Akaambiwa makumbusho haijapata wageni wengi hivi, kwamba programu ile ndiyo inayotubeba sote, kwamba walimu ndio wanaojua madarasa yao, na kwamba kuna semina nyingine kubwa anangojewa aizungumzie. Alipotoka alisema ataanza yeye mwenyewe, atapita shule moja moja. Alizipita zote mara ya kwanza akivinadi vile vibao. Angezipita tena akivikusanya. Nilijua ni nyingi. Sikumwambia.

Lakini jioni ile tulikuwa na ushindi wetu mdogo. Alifungua mkoba mezani mbele ya watoto, akakitoa kibao, akakiweka katikati ya sahani.

"Kimekwisha," akawaambia, kwa lugha yetu. "Mama amekichukua. Hakuna wa kuwavisha tena. Ongeeni."

Kidonge alimtazama dada yake. Redio alikitazama kile kibao, akakisogeza kidogo kwa kidole, akaomba ruhusa aende kuoga. Nikasema tumpe muda. Kidonda hakifungi siku ya kwanza. Baada ya chakula mke wangu akakitia motoni kikaungua, na tulikaa kukitazama mpaka kikawa majivu.

Asubuhi nilikuwa barazani napiga pasi sare ya Kidonge niliposikia fisi.

Nikasimamisha pasi. Alikuwa yeye, na mafua yake na kiburi chake, anajigamba kwa lugha yetu ya nyumbani kwamba hakuna pango asiloweza kuingia. Baadaye akaja sungura, kisha mke wa fisi anayelalamika kila neno. Redio alikuwa anasimulia. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama karibu yangu mlangoni, tukachungulia. Redio alikuwa amemkalisha mdogo wake juu ya furushi kama zamani, mikono inaruka, macho yamemwaka. Mke wangu alinishika mkono. Nilisikia furaha. Nilidhani ndiyo imerudi, mali yangu yote.

Kidonge peke yake ndiye hakuwa kama zamani. Alikuwa amebana midomo. Fisi alipojikwaa, kicheko kilimtoka puani, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili na kutikisa kichwa. Nikafikiri ni mchezo wao. Redio akamsogelea. Fisi aliingiza mkono pangoni, akapapasa, akagusa kitu chenye manyoya. Redio akashusha sauti.

"Unajua alikuta nini mle ndani?"

Kidonge akatikisa kichwa.

"Akavuta. Kikavuta na chenyewe. Akavuta. Unajua alikuta nini?"

Mikono ya Kidonge ilishuka taratibu kutoka mdomoni. Ana miaka sita tu, na dada yake alikuwa hajamsimulia kitu kwa miezi.

"Alikuta nini, dada?" akauliza, kwa lugha yetu.

Redio akaikata hadithi. Uso ulimzimika mara moja. Akaingiza mkono ndani ya sweta, akavuta kamba na kuipitisha juu ya kichwa chake, na mwishoni mwake kilining'inia kipande cha ubao wa dawati kilichokatwa vibaya, hakina muhuri wowote. Kamba ilikuwa uzi wangu, ule mnene wa kushonea turubai, umesokotwa mara tatu. Akakivisha shingoni kwa mdogo wake, akamrekebishia ukosi ufunike.

"Umesema," akamwambia.

Mwiko ulimwanguka mke wangu. "Hicho ni kipi? Kibao nimekichoma mimi jana usiku."

"Kile kilikuwa cha walimu, mama," Redio akajibu. "Hiki ni chetu. Tumetengeneza wenyewe." Alijibu kwa lugha ya shule, kila neno mahali pake, kwa kuwa shingo yake sasa ilikuwa tupu na alikuwa na cha kupoteza. Aliyekivaa, nilielewa wakati ule, ndiye pekee anayeweza kusema apendavyo. Ile sauti tuliyoifurahia mlangoni ilikuwa chambo.

"Nani anawachapa?" nikamuuliza. "Niambie ni mwalimu gani."

"Hakuna anayetuchapa. Anayefika nacho getini hasemeshwi na mtu siku nzima. Hata ukianguka, hakuna anayekuinua." Akachukua mkoba wake. "Mimi nimefika nacho jana."

Mama yake akampigia magoti, akamkumbatia, akamwambia maneno ambayo mama humwambia mtoto, kwa lugha aliyomwimbia akiwa mchanga. Redio alisimama ndani ya mikono yake, amefunga mdomo, anatazama dirishani.

Nikamwendea Kidonge nimvue. Akakishika kibao kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usikiguse, baba. Ukikivua bila mtu kupewa, kinahesabika bado ni changu."

"Njoo, mwanangu. Leo hamwendi shule."

"Nisipoenda nitampa nani?" Alikuwa amekwishatia mguu kwenye kiatu, anahangaika na kamba, ulimi nje. Aliongea haraka, kwa lugha yetu, sauti juu, bila kuogopa dirisha wala jirani. Akaniomba tutoke mapema kabla ya kengele. Darasani kwao kuna mtoto mmoja mgeni, akasema, bado hajazoea, na asubuhi mama yake akimwacha getini huwa anamlilia kwa lugha ya kwao.